Namba Mbili katika Mstari Mmoja: Kumpima Sukari Mwenye Tansio katika Mwambao wa Rumonge



Walionialika kusoma mada hii waliniomba niseme juu ya jambo moja tu, nami nitajitahidi nisilivuke: je, mtu aliyeonekana katika kituo cha afya kuwa damu yake inasukumwa kwa nguvu kupita kiasi, apimwe na sukari pia, hata kama halalamiki kiu, wala hakondi, wala haamki usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo? Jawabu langu ni kwamba apimwe, na apimwe yeye kabla ya wengine. Walakini jawabu tupu halimfai muuguzi mwenye bandeleti kumi za kupimia sukari katika kopo na wagonjwa arobaini mlangoni, bali linalomfaa ni kujua kwa nini bandeleti moja itumike kwa mtu huyu na isitumike kwa yule, na afanye nini baada ya kuitumia. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza, kwa kadiri ya uwezo wangu.

I. Majina na vipimo vyake

Kiswahili kilitufikia katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, hapa Burundi, pamoja na biashara ya Ujiji katika karne ya 19, na tangu zama hizo kimekuwa kikipokea maneno ya kila aliyepita. Kwa hiyo mgonjwa aliyekulia Rumonge atakuambia ana tansio, neno tulilolipokea kwa Kifaransa; na jirani yake, ambaye wazazi wake walikimbilia Kigoma wakati wa mauaji ya mwaka wa 1972 naye akarejea baada ya umri mrefu wa kuishi Tanzania, atakuambia ana presha; na bibi wa huyu au wa yule, ambaye Kirundi ndicho lugha ya moyo wake, atataja umuvuduko w'amaraso, yaani mbio za damu. Wote watatu wanataja maradhi mamoja, na muuguzi anayeuliza kwa neno moja tu katika hayo hana budi kukosa jawabu la baadhi yao.

Kadhalika vipimo vina lugha mbili. Kwa desturi iliyotokana na Wafaransa twasema kumi na nne kwa tisa, ilhali vitabu vya Kiingereza huandika 140 kwa 90, kwa milimita za zebaki. Na sukari ambayo maabara zetu huiandika gramu 1.26 kwa lita, wenzetu wa ng'ambo ya mpaka huiandika miligramu 126 kwa desilita, au milimoli 7 kwa lita. Nayataja haya mapema kwa sababu wagonjwa wetu husafiri, leo yuko Nyanza-Lac, kesho yuko Kigoma, na aliyesoma namba bila kusoma kipimo chake anaweza kumtisha mzima au kumtuliza mgonjwa.

II. Kwa nini maradhi haya mawili huandamana

Tangu zamani kisukari kilijulikana kwa ladha yake. Matabibu wa Bara Hindi waliona sisimizi wakikusanyika penye mkojo wa wagonjwa fulani, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake cha utabibu juu ya utamu wa mkojo huo. Ulikuwa uhodari mkubwa wa kuona. Lakini tuzingatie kwamba mgonjwa hafiki daraja hiyo illa sukari imekwisha kuwa nyingi mno katika damu, hata figo zikashindwa kuizuia isitoke, na kabla ya hapo huweza kupita miaka kadhaa ambayo mtu analima, anavua, anauza sokoni na kuswali, hali mishipa yake ya machoni na ya figo inaharibika pole pole pasipo maumivu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikisia katika mwaka wa 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda ya Afrika walikuwa na maradhi haya, na kwamba asilimia 54 yao hawakujijua.

Tansio nayo haina sauti; lakini ina fadhila moja juu ya mwenziwe, nayo ni kwamba kuipima hakuhitaji tone la damu. Mfuko wa hewa aliouvumbua Scipione Riva-Rocci katika mwaka wa 1896, na sauti ya mshipa aliyoieleza Nikolai Korotkov katika mwaka wa 1905, hadi leo ndiyo msingi wa kazi hii, na chombo hicho hutumika tena na tena pasipo kununuliwa kitu kipya kwa kila mgonjwa. Bandeleti, kinyume chake, ikilowa damu mara moja imekwisha.

Sasa, kuandamana kwao si kwa bahati. Kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari iingie katika misuli na ini. Na mwili unapoanza kuwa mkaidi kwa insulini, kongosho huzidisha kuitoa, na wingi huo huzifanya figo zishike chumvi na maji ambayo zingeyaachia, na mishipa hupoteza ulaini wake, na damu hupita kwa nguvu zaidi. Hivyo yule tunayemwona na tansio leo, aghalabu mwili wake umekwisha anza ile safari ambayo mwisho wake ni sukari. Utafiti wa taifa zima uliofanywa Tanzania katika mwaka wa 2012, kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kiasi cha asilimia 26 wana tansio na kiasi cha asilimia 9 wana sukari ya juu. Na nchi hiyo ndiyo ndugu zetu wengi walikokimbilia, wakala chakula chake, wakazoea maisha yake.

III. Hoja ya kumtanguliza mwenye tansio

Katika mkutano kama huu hapakosi mtu wa kuuliza kwa insafu: kama maradhi yamejificha kiasi hiki, kwa nini tusiende sokoni tukampima kila mtu? Swali hili limekwisha pewa jawabu. Huko Uingereza, katika utafiti ulioitwa ADDITION-Cambridge, watu zaidi ya 20,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 69, waliodhaniwa kuwa karibu na kisukari, waligawanywa kwa zahanati 33: baadhi ya zahanati ziliwaita watu wake kupimwa na nyingine hazikuwaita, na ilipotangazwa hesabu katika mwaka wa 2012, baada ya karibu miaka 10 ya kuwafuatilia, haikuonekana tofauti ya vifo baina ya makundi hayo. Maana yake si kwamba kupima ni kazi bure, bali kwamba kupima peke yake hakuponyi; kunafaa pale tu ambapo jawabu la kipimo litabadili kitu katika matibabu ya yule aliyepimwa.

Na kwa mwenye tansio, hapo ndipo jawabu linapobadili kitu. Katika utafiti mwingine ulioitwa HOT, uliotangazwa mwaka 1998, wagonjwa wa tansio 18,790 katika nchi 26 walitibiwa kwa shabaha mbalimbali za kipimo cha chini. Na katika wale 1,501 waliokuwa na kisukari pia, waliotakiwa kushushwa hadi 8 walipata nusu tu ya mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo waliyoyapata wale walioachwa kwenye shabaha ya 9. Mwaka huo huo Waingereza walitangaza habari za wagonjwa 1,148 wenye maradhi yote mawili, wakaonyesha kwamba waliotibiwa tansio yao kwa bidii zaidi walipungukiwa viharusi kwa asilimia 44, na vifo vinavyotokana na kisukari kwa asilimia 32. Tanabahini, hadhirina, kwamba faida hiyo haikutokana na dawa ya sukari. Ilitokana na dawa ya tansio, iliyotolewa kwa mkazo zaidi kwa mtu aliyejulikana kuwa na sukari.

Tuchukue mfano, usio kisa cha mtu fulani. Wazee wawili wa umri mmoja wanafika kituoni siku moja, kila mmoja tansio yake ni 15 kwa 9 na nusu. Muuguzi asiyepima sukari atawapa wote wawili kidonge kile kile, na wakirudi wakiwa na 14 kwa 9 kasoro kidogo atawapongeza na kuwaruhusu. Lakini kama mmoja wao ana sukari, pongezi hiyo ni ya mapema: huyo alitakiwa ashushwe zaidi, mkojo wake utazamwe kama una protini, na protini ikionekana achaguliwe ile jamaa ya dawa zinazolinda figo, macho yake yachunguzwe, na nyayo zake zitazamwe kila ajapo. Walioingia mlangoni kwa namba moja wakatoka na dawa moja, mmoja katibiwa na mwingine kadhulumiwa, pasipo mtu yeyote kukusudia dhulma.

Ni kwa hoja hii jopo la wataalamu wa kinga wa Marekani lilishauri katika mwaka wa 2008 kwamba mtu mzima asiye na dalili, ambaye tansio yake hudumu juu ya 135 kwa 80, apimwe sukari. Baadaye, katika mwaka wa 2015 na tena 2021, jopo hilo liliacha kipimo cha tansio likashika uzito na umri, likasema wapimwe watu wanene wa miaka 40 hadi 70, kisha likateremsha umri hadi 35. Kwa nchi yao huenda ni sawa. Lakini katika mwambao wetu nawasihi tusiufuate mgeuko huo kwa kufumba macho. Kisukari cha watu wazima hapa Afrika huwapata wembamba wengi pia. Na mpiga kasia mwenye mbavu za kuhesabika angepita mbele ya kipimo cha unene akarudishwa nyumbani, ilhali kipimo cha mkono kingemkamata.

IV. Namna ya kupima isiyodanganya

Kwanza tansio yenyewe iwe ya hakika. Mgonjwa akae kitako dakika 5, mgongo umeegemea, mkono umelazwa mezani sawa na moyo, asiwe ametoka kuvuta sigara au kunywa kahawa. Apimwe mara mbili, na kama ni 14 kwa 9 au zaidi arudi siku nyingine kuthibitisha, isipokuwa namba ikiwa kubwa ya kutisha, ambayo haingoji miadi.

Akithibitika, na apimwe sukari hali hajala kwa saa 8 au zaidi. Maji matupu anaruhusiwa. Ikiwa ni gramu 1.26 kwa lita au zaidi, na hana dalili, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kumwita mgonjwa wa sukari. Ikiwa ni kati ya 1.10 na 1.25, yuko mpakani, apewe nasaha na apimwe tena baada ya mwaka. Ikiwa chini ya hapo, miaka 3 yatosha. Aliyekutwa na gramu 2 au zaidi kwa saa yoyote, naye ana kiu na kukonda, huyo amekwisha julikana.

Mitego ni miwili ambayo hapa kwetu haikosekani. Wa kwanza ni vidole: mama aliyetoka kumenya maembe au ndizi mbivu sokoni ana sukari ya tunda juu ya ngozi, na tone la damu likipita hapo chombo husoma tunda badala ya mama, kwa hiyo anawe kwa maji na sabuni, kisha akaushe. Wa pili ni joto: tambarare ya Imbo si kama milima ya Bururi, na kopo la bandeleti lililoachwa wazi dirishani huharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa. Ama kipimo kile cha hemoglobini kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, ambacho asilimia 6.5 ndiyo mpaka wake, ni kizuri kwa sababu hakihitaji njaa. Lakini bei yake ni kubwa, na penye malaria nyingi, upungufu wa damu na sikoseli, kama huku kwetu, chaweza kusema lisilo kweli. Kidole na asubuhi ya njaa bado ndivyo tegemeo letu.

V. Mwezi, wavuvi na saumu

Nimefika katika jambo ambalo vitabu vya mbali haviwezi kutufundisha. Kituo cha afya hutangaza: njooni saa mbili asubuhi, msile tangu jana. Mkulima wa michikichi aliyekula saa tatu ya usiku akalala ataitika. Lakini mvuvi wa samaki wa ndagala, ambaye usiku ndio mchana wake, amekula ugali wa muhogo ndani ya chombo saa tisa ya usiku ili apate nguvu za kuvuta wavu, na asubuhi yuko ufukweni anauza, macho mekundu. Akija, kipimo chake si cha njaa; asipokuja, tunamwandika kuwa mkaidi. Ukaidi huo ni wa ratiba yetu.

Lakini wavuvi hawa wana mapumziko yao, nayo yameandikwa mbinguni. Ndagala huvuliwa kwa taa, na taa ina nguvu katika giza. Mwezi unapokuwa mpevu na ziwa lote likajaa mwanga, samaki hawakusanyiki penye taa, na vyombo hubaki nchi kavu. Na waislamu mliomo humu mmekwisha tambua nitakalosema: usiku huo wa mbalamwezi huangukia tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, zile siku tunazoziita ayyamul-bidh, siku nyeupe, ambazo kufunga kwake ni sunna. Basi siku ambazo mvuvi hayumo ziwani, na baadhi ya watu wamekwisha nuia kufunga, ndizo siku zinazofaa kumwita apimwe. Aliyekula daku kabla ya alfajiri apimwe kuanzia saa saba mchana, saa 8 zimetimia. Asiyefunga aje saa mbili asubuhi baada ya kulala usiku mzima kama watu wengine. Na mvuvi Mkristo naye, kwa kuwa mwezi ule ule ndio uliomweka nyumbani, atafaidika sawa na mwenziwe.

Masheikh wetu nawaomba wasaidie kwa maneno mawili tu: kuwaambia watu kwamba tone la damu la kidoleni, kwa kauli ya wengi wa wanazuoni, halibatilishi saumu, na kuwakumbusha wale ambao wamekwisha julikana kuwa na sukari, na wanatumia dawa, wasifunge kabla ya kushauriana na tabibu. Mapadri na wachungaji nao wana matangazo yao ya Jumapili, na siku nyeupe zisiwe siri ya msikiti.

VI. Baada ya kupima

Kumwambia mtu ana sukari kisha kumwacha ni kumwongezea hofu pasipo faida. Kwa hiyo kituo kisianze kuwaita watu hadi kiwe na dawa za kwanza: kidonge cha metformini, ambacho ni rahisi kwa bei na cha zamani kwa matumizi, na dawa za tansio za kutosha mwezi baada ya mwezi. Kuhusu chakula nitapita upesi, kwa kuwa mnajua zaidi yangu: chai ipungue sukari, samaki wa chumvi awe wa nadra, mafuta ya mawese yasizidi hitaji la chungu, na samaki mukeke wa kubanika si adui wa mtu.

Jambo gumu zaidi ni kumshika mgonjwa asipotee. Katika Tanzania na Uganda ulifanywa utafiti ulioitwa INTE-AFRICA, uliotangazwa mwaka 2023, uliowakusanya wagonjwa zaidi ya 7,000 katika vituo 32, ambamo, katika baadhi ya vituo hivyo, wagonjwa wa VVU, wa tansio na wa sukari walihudumiwa mahali pamoja na wahudumu wale wale badala ya kila maradhi kuwa na mlango wake. Na wengi sana walibaki katika matibabu, wala wagonjwa wa VVU hawakupata hasara. Somo lake kwetu ni kwamba mtu mwenye maradhi mawili asipewe miadi miwili. Na wale wajumbe wa afya wa vilimani, ambao kwa Kirundi twawaita abaremeshakiyago, ndio wajuao nani amehama; maana katika miaka hii ambayo maji ya ziwa yamepanda yakaingia katika nyumba za ufukweni, mgonjwa aliyesajiliwa katika mtaa fulani huenda leo analala kwa shemeji yake kilimani.

VII. Khatima

Naleta mapendekezo matatu mbele ya kikao hiki kitukufu. La kwanza, kila aliyethibitika kuwa na tansio, awe mnene au mwembamba, apimwe sukari kabla ya mwezi kwisha, na bandeleti za kituo zitengwe kwa ajili yake kwanza. La pili, vituo vya ufukweni viweke siku ya kupima kwa kufuata mwezi, si kwa kufuata kalenda ya ukutani peke yake. La tatu ni dogo kuliko yote, wala halina gharama.

Kila mgonjwa wetu hutembea na kaye, lile daftari la shule lililofunikwa kwa gazeti au nailoni, ambalo hulihifadhi pamoja na vyeti vya watoto wake. Fungueni kaye za wagonjwa wa tansio mtazame: mstari baada ya mstari mtakuta 15 kwa 9, 14 kwa 9, 16 kwa 10, miaka miwili, mitatu, na kando yake pamebaki peupe. Naomba kuanzia juma hili muuguzi achore mstari wima katika ukurasa wa kwanza, kushoto aandike tansio, kulia aandike sukari. Na pale kulia pakiwa patupu, muuguzi wa zamu ifuatayo, hata kama hamjui mgonjwa wala hakusikia mada hii, atajua la kufanya.